Aru: «Mawazo mingi» haiko wazimu. Huzuni kali na wasiwasi vinaweza kutambuliwa na kutibiwa kwenye kituo cha afya

Mtu anafika kwenye kituo cha afya asubuhi. Anasema kichwa kinauma, mwili hauna nguvu, usingizi hakuna, roho inapiga mbio. Muuguzi anampima palu: hakuna. Anamwandikia dawa ya maumivu, mara nyingine sindano ya vitamini ao serumu, na kumrudisha nyumbani. Wiki mbili baadaye mtu yule anarudi na maneno yaleyale. Mwezi unaofuata anaenda kituo kingine, kisha anavuka mpaka kwenda Arua, kisha anaenda kwa mganga wa kienyeji. Anauza mbuzi, anauza kipande cha shamba. Maumivu yako palepale.

Si kila mtu wa namna hii ana ugonjwa uleule. Lakini wengi kati yao wana depresio, ni kusema huzuni kali isiyoondoka, ao wana ugonjwa wa wasiwasi, ao vyote viwili pamoja. Hayo ni magonjwa kama palu na tansio ni magonjwa. Yana dalili zake, yana njia ya kuyapima kwa maswali, na yana matibabu. Tena jambo ambalo wakaaji wengi hawalijui ni hili: mara nyingi haihitaji munganga mkubwa wa Kinshasa. Muuguzi wa kituo cha afya aliyefundishwa vizuri anaweza kuanza.

Kwa nini jambo hili linagusa Aru

Wilaya ya Aru iko kwenye kona ya Ituri, kati ya Uganda na Sudan Kusini. Watu wengi wanasema huku kuna utulivu, na ukilinganisha na Djugu ao Irumu ni kweli. Lakini utulivu wa barabara hauko sawa na utulivu wa roho. Tangu machafuko ya Djugu yalipoanza tena mwisho wa mwaka 2017, familia nyingi zilikimbia kuelekea Mahagi, Aru na ng'ambo ya mpaka. Tangu mwaka 2016 wakimbizi wa Sudan Kusini nao waliingia kwa wingi, na wengine waliwekwa Biringi. Kuanzia 2018 hadi 2020 Ituri ilipitia Ebola, na mwaka 2019 kisa kimoja kilionekana mpaka Ariwara. Tangu tarehe 6 Mei 2021 jimbo liko chini ya utawala wa kijeshi.

Ongeza juu ya hayo mambo ya kila siku: biashara ya mpaka inayoanguka, deni, mume aliyekwenda kwenye machimbo ya dhahabu na hakurudi, mtoto aliyekufa, mashamba yanayogombaniwa, pombe kali nyumbani. Mtu anaweza kubeba mengi kwa muda mrefu, halafu siku moja mzigo unamshinda.

Mwaka 2019, Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, lilitoa hesabu ya nchi zilizopitia vita katika miaka 10 iliyotangulia. Hesabu hiyo ilionyesha kwamba katika sehemu hizo, mtu 1 kati ya 5 anaishi na shida fulani ya afya ya akili, kuanzia nyepesi hadi nzito. Depresio na wasiwasi njo zinaongoza. Kwa hiyo kama kwenye benchi ya kituo cha afya kuna watu 10 wanaongoja, ni vigumu kuamini kwamba hakuna hata mmoja mwenye shida hiyo. Yuko, lakini amekuja akisema «kichwa kinauma».

Dalili za depresio

Kila mtu anahuzunika. Mtu aliyefiwa analia, anakosa hamu ya chakula, anakaa peke yake. Hiyo ni kilio, na kilio si ugonjwa. Depresio inatambulika kwa mambo matatu: inakaa, inajaa siku nzima, na inaharibu kazi na maisha ya nyumbani.

Dalili mbili njo kubwa. Ya kwanza ni huzuni karibu kila siku, kwa muda wa wiki mbili ao zaidi. Ya pili ni kukosa raha katika mambo ambayo zamani yalimfurahisha mtu: kuimba kwenye kanisa, kwenda sokoni, kucheza na watoto. Mtu anasema «Kila kitu kimepoteza ladha».

Pembeni ya hizo mbili kuna zingine: usingizi unapotea ao unazidi, chakula hakipiti ao mtu anakula kupita kiasi, nguvu zinaisha hata bila kufanya kazi, mawazo hayashikiki, mtu anatembea na kusema polepole ao kinyume chake hatulii. Anajiona hana maana. Anajilaumu kwa mambo ambayo si kosa lake. Wengine wanafikia kuwaza kwamba afazali kufa.

Kwa wanaume, depresio mara nyingi inajificha. Badala ya kulia, mwanaume anakuwa mkali, anapigana, anaongeza pombe. Watu wanasema amekuwa mtu mubaya. Hakuna anayesema ni mgonjwa.

Dalili za wasiwasi

Woga ni kitu kizuri mtu akisikia risasi. Unamsaidia kukimbia. Shida inaanza pale risasi imenyamaza miezi mingi, lakini mwili bado unakimbia.

Mtu mwenye ugonjwa wa wasiwasi anaogopa mambo mengi kwa wakati mmoja, na hawezi kujizuia. Misuli inakaza, shingo inauma, tumbo linasokota, mikono inatoka jasho. Anashtuka akisikia mlango. Usiku anageuka-geuka kitandani. Wengine wanapatwa na woga wa ghafla: kwa dakika chache roho inapiga kwa nguvu, pumzi inakatika, mikono inakufa ganzi, mtu anaamini anakufa sasa hivi. Anapelekwa hospitali mbio, anapimwa moyo, na haukutwi na kitu.

Maumivu hayo si ya kuigiza. Mwili kweli unauma. Ubongo ukiwa katika hali ya hatari, unaamuru moyo uende mbio na misuli ikaze, na ukikaa hivyo miezi, mwili wote unachoka. Ndiyo maana kumwambia mgonjwa «hauna kitu, rudi nyumbani» ni kosa. Kipimo cha palu hakina kitu. Yeye ana kitu.

Kuna pia wale ambao tukio baya linawarudilia: waliona ndugu akiuawa, walibakwa, nyumba yao ilichomwa. Picha inarudi usiku kama ndoto na mchana kama vile inatokea tena. Wanaepuka njia, watu ao maneno yanayowakumbusha. Hiyo pia inatibika, na mara nyingi inatembea pamoja na depresio.

Muuguzi anapima namna gani

Hakuna damu inayochukuliwa ili kuonyesha depresio. Hakuna picha. Kipimo ni mazungumzo, na mazungumzo yanahitaji mahali pa siri. Mama hawezi kusema mambo ya ndani huku watu wengine wanasikia nyuma ya pazia, ao huku mume wake amesimama mlangoni.

Njia rahisi ni kuanza na maswali mawili: katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi ulisikia huzuni ao kukata tamaa? Ni mara ngapi ulikosa hamu ya kufanya mambo uliyokuwa unapenda? Kama jibu ni «mara nyingi» hata kwa swali moja, muuguzi anaendelea.

Kisha kuna orodha ya maswali 9 inayoitwa PHQ-9, inayotumiwa duniani kote bila malipo. Kila swali linapewa alama kutoka 0 mpaka 3: sifuri kama haikutokea hata siku moja, 3 kama inatokea karibu kila siku. Alama zote zinaweza kufika 27. Kuanzia 5 ni shida nyepesi, kuanzia 10 ni ya katikati, kuanzia 15 imekuwa nzito kiasi, na kuanzia 20 ni nzito sana. Kwa wasiwasi kuna orodha nyingine ya maswali 7, GAD-7, ambayo alama zake zinaishia 21, na kuanzia 10 muuguzi anapaswa kuangalia kwa makini. Orodha hizi zimekwisha kutumiwa kwa Kiswahili Kenya. Kwa wilaya ya Aru, ambako mtu anaweza kusema Kilugbara, Kialur, Kikakwa, Lingala ao Kiswahili, muuguzi anapaswa kuuliza kwa lugha ambayo mgonjwa anaotea ndoto, na kuhakikisha maana imeeleweka. Neno moja likikosewa, alama zote zinapotea.

Lakini alama si hukumu. Orodha inafanya kazi kama chujio: inaonyesha nani wa kukaa naye zaidi. Baada ya hapo muuguzi anauliza kama shida inaharibu kazi, shamba, ndoa na malezi ya watoto. Anatafuta pia magonjwa ya mwili yanayofanana na depresio: upungufu wa damu, utapiamlo, ugonjwa wa tezi ya shingo, virusi vya SIDA, kifua kikuu. Anauliza juu ya pombe na dawa nyingine. Anauliza kama mama ana mimba ao amezaa karibuni.

Kuna swali moja lisilopaswa kusahauliwa kabla ya kuandika dawa: je, mtu huyu aliwahi kupitia siku nyingi za furaha kupita kiasi, akiwa halali, anasema bila kupumzika, anatapanya pesa, anajiona mkubwa kuliko wote? Kama ndiyo, huenda ana ugonjwa mwingine, ule wa kupanda na kushuka. Dawa ya depresio ikitolewa peke yake inaweza kumrusha juu tena. Huyo anapelekwa kwa daktari.

Swali ambalo wengi wanaogopa

Wauguzi wengi, na familia pia, wanaogopa kuuliza juu ya kujiua. Wanafikiri kuuliza ni kumpa mtu wazo. Haiko hivyo. Mtu mwenye wazo hilo amekwisha kuwa nalo, na mara nyingi anapumua vizuri mtu akimuuliza kwa upole: «Je, unafikia kuwaza kwamba ni bora usiwe hai? Umefikiria namna ya kufanya? Umejaribu zamani?»

Kama mtu ana mpango, ao alijaribu siku za karibuni, haachwi peke yake hata dakika moja. Ndugu wanakaa naye kwa zamu. Dawa za shamba, vidonge na silaha vinaondolewa ndani ya nyumba ao kufungwa na kufuli mahali asipojua. Anapelekwa kituo cha afya ao hospitali siku ileile, usiku usingojwe upite. Kumtukana, kumpiga ao kumtangaza kanisani kunaongeza hatari.

Matibabu ya kwanza ni maneno

Kwa shida nyepesi na ya katikati, matibabu ya kwanza haiko kidonge. OMS ina kitabu cha mwongozo kwa wauguzi na madaktari wasio wa akili, kinachojulikana kama mhGAP, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 2010. Mwongozo huo unasema wazi: usimpe mgonjwa huyu sindano za vitamini na mambo mengine yasiyosaidia. Anza na kumweleza.

Kumweleza ni kumwambia kwamba ana ugonjwa unaojulikana, kwamba haiko uvivu, haiko udhaifu wa imani, haiko kulogwa, na kwamba watu wanapona. Kwa wagonjwa wengi, kusikia hayo peke yake kunapunguza mzigo.

Halafu muuguzi na mgonjwa wanatafuta shida inayobana zaidi na kuikata vipande. Kama ni deni, wanaangalia ni nani wa kuongea naye kwanza, siku gani, na kwa maneno gani. Kama ni ugomvi wa shamba, ni mzee gani ao chifu gani anaweza kusikiliza. Wanapanga pia mambo madogo ya kurudilia: kuoga asubuhi, kutembea kila siku, kulima mstari mmoja, kwenda kuimba hata bila hamu. Depresio inamfungia mtu ndani, na kila anapofungiwa inanenepa. Hamu haiji kwanza. Inakuja nyuma ya tendo.

Kwa wasiwasi, mgonjwa anafundishwa kupumua polepole, kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta, na kulegeza misuli mmoja baada ya mwingine. Anafundishwa kwamba woga wa ghafla unapanda, unafika juu, kisha unashuka, na haumuui. Pombe inaachwa: leo inaleta usingizi, kesho inaongeza wasiwasi. Kahawa nyingi na majani ya kutafuna vivyo hivyo.

Je, mambo haya yanafanya kazi kweli ao ni maneno tu? Kuna ushahidi, na hautoki mbali.

Katika Kivu ya Kaskazini na ya Kusini, uchunguzi uliotolewa mwaka 2013 ulifuata wanawake 405 waliobakwa ao walioshuhudia ubakaji, wote wakiwa na dalili nzito. Washauri hawakuwa madaktari. Walikuwa wanawake wa huko wenye masomo ya sekondari, waliofundishwa na kusimamiwa. Katika vijiji kadhaa wanawake walipata matibabu ya kikundi ya mikutano 12. Katika vingine walipata usaidizi wa mtu mmoja mmoja. Miezi 6 baada ya matibabu, katika vikundi ni wanawake 9 kwa 100 tu waliobaki na dalili za depresio ao wasiwasi. Kwa wale wengine walikuwa 42 kwa 100.

Katika Uganda, wilaya za Masaka na Rakai, kazi iliyotolewa mwaka 2003 ilifanywa katika vijiji 30. Vikundi vya watu wenye depresio vilikutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16, vikiongozwa na wanakijiji waliofundishwa. Mwisho wake, waliobaki na depresio katika vikundi walikuwa karibu 6 ao 7 kwa 100. Katika vijiji visivyo na vikundi, zaidi ya nusu walikuwa bado wagonjwa.

Karibu zaidi na Aru, kwenye kambi ya Rhino upande wa pili wa mpaka, wanawake 694 wakimbizi wa Sudan Kusini walishiriki katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2020. Walioingia kwenye vikundi walikaa pamoja mara 5 na kusikiliza masomo yaliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba, pamoja na kitabu cha picha. Waongozaji hawakuwa wataalamu. Miezi mitatu baadaye, mzigo wa roho ulikuwa umepungua kwao kuliko kwa wenzao. Na Zimbabwe, bibi wazee waliofundishwa wanakaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki za Harare. Kazi hiyo ilianza mwaka 2006 na leo imeigwa katika nchi nyingine.

Mifano yote hii inasema jambo moja: kinachohitajika ni mtu aliyefundishwa, anayesimamiwa, anayefuata utaratibu na kurudi kila wiki. Ushauri wa kupita njia haufiki hapo.

Dawa: lini, ipi, na kwa muda gani

Kwa depresio ya katikati na nzito, dawa zinasaidia. Mbili zinazojulikana zaidi katika vituo ni amitriptilini na fluoksetini. Zote hazina bei ya kutisha kama dawa nyingine, lakini zinahitaji ordonansi na ufuatiliaji.

Jambo la kwanza la kujua: hazifanyi kazi siku ileile. Dawa ya maumivu inatuliza kwa saa moja. Dawa ya depresio inahitaji wiki mbili mpaka sita. Katika siku za kwanza mtu anaweza kusikia kinywa kikavu, usingizi, choo kigumu ao kichefuchefu, huku huzuni bado iko. Wengi wanaacha hapo na kusema dawa ni mbaya. Muuguzi anapaswa kumwonya mapema na kumwona tena baada ya wiki moja ao mbili.

Jambo la pili: mtu akisikia nafuu, asiache. Dawa inaendelea miezi 9 mpaka 12 baada ya nafuu, kisha inapunguzwa kidogo kidogo. Kuacha ghafla kunaweza kurudisha ugonjwa.

Jambo la tatu: amitriptilini nyingi kwa mara moja ni sumu kwa moyo. Mwenye ugonjwa wa moyo hapaswi kuipata bila daktari, na mwenye mawazo ya kujiua hapewi vidonge vya mwezi mzima mkononi. Ndugu anavishika.

Watoto walio chini ya miaka 12 hawapewi dawa hizi kwa depresio, na kwa vijana mazungumzo njo yanatangulia. Mama mwenye mimba ao anayenyonyesha anaanza na mazungumzo pia. Dawa inakuja kama hakuna njia nyingine, na baada ya ushauri wa daktari.

Na Valium? Kwenye farmasi ndogo za sokoni diazepamu inauzwa kama pipi. Mtu asiyelala ananunua kidonge, analala, anafurahi. Baada ya wiki chache hawezi kulala bila hicho kidonge, kisha kimoja hakitoshi. Diazepamu haitibu depresio. Kwa wasiwasi mkali sana inaweza kutolewa siku chache tu, chini ya macho ya muuguzi. Kuichanganya na pombe kunaweza kuzuia pumzi.

Wale wa kuangaliwa zaidi

Mama aliyezaa. Akilia kidogo siku za kwanza, mara nyingi inapita. Akipita wiki mbili hana hamu hata ya kumshika mtoto, halali hata mtoto akilala, anajiona mama mubaya, hapo ni ugonjwa. Siku ya chanjo ya mtoto ni nafasi nzuri ya kumuuliza mama naye: «Wewe mwenyewe uko je?»

Mtu wa virusi vya SIDA, wa kifua kikuu, wa sukari ao wa tansio. Akiwa na depresio anasahau dawa zake, na ugonjwa wa kwanza unazidi.

Aliyebakwa. Kwanza afike hospitali mbele ya saa 72, sababu kuna dawa za kuzuia virusi vya SIDA zinazofanya kazi ndani ya muda huo. Lakini hata kama ni miaka imepita, roho yake bado inaweza kutibiwa.

Wazee waliobaki peke yao, na vijana walioacha masomo. Wote wawili wananyamaza kwa urahisi.

Kwa nini bado haifanyiki kila mahali

Kwa karatasi, afya ya akili ni sehemu ya kazi ya vituo vya afya vya Kongo, na kuna programu ya taifa inayoishughulikia. Ila kati ya karatasi na benchi ya mgonjwa kuna milima. Wataalamu wa akili ni wachache katika nchi nzima na wengi wako Kinshasa. Kutoka Aru kwenda Bunia, barabara inapita Mahagi na Djugu, na si kila familia ina pesa wala uhodari wa kuisafiri na mgonjwa. Mwisho wake Arua inakuwa karibu kuliko Bunia, lakini huko mgonjwa analipa kwa shilingi, anaandikiwa dawa ambayo hataipata akirudi, na hakuna anayemfuatilia.

Kwenye kituo chenyewe, muuguzi anaona watu wengi, na mazungumzo ya nusu saa yanaonekana kama anasa. Dawa ikikosekana mwezi mmoja, kazi ya miezi sita inaanguka. Na muuguzi aliyefundishwa siku tano bila mtu wa kurudi kumsimamia anasahau haraka.

Hata hivyo mfano uko. Huko Lubero, Kivu ya Kaskazini, kati ya 2011 na 2015 afya ya akili iliingizwa ndani ya vituo vya afya na hospitali kuu ya zone, kwa kufundisha wauguzi wa huko na kuwasimamia. Wagonjwa walikuja kwa maelfu, na wengi wao walitibiwa wakitokea nyumbani, bila kulazwa. Kama Lubero, yenye vita vyake na barabara zake, iliweza, zone za Aru, Ariwara, Adi ao Biringi hazikosi akili wala mikono. Kinachohitajika ni mafunzo yanayofuatwa na usimamizi, dawa mbili tatu zisizokatika, chumba chenye mlango unaofungwa, na reko wanaojua kumtambua mtu kijijini na kumsindikiza.

Wachungaji, mapadri, maimamu na waganga wa kienyeji wana nafasi yao, sababu mara nyingi wagonjwa wanapita kwao kwanza. Maombi na kusikilizwa vinatia nguvu. Ila kumfunga mtu minyororo, kumnyima chakula ao kumkataza dawa hakuponyi, kunaua.

Ukifika kwenye kituo, sema hivi

Muuguzi hawezi kusoma moyo. Kama umekuwa na maumivu yasiyoonekana kwenye kipimo, usiishie kwenye «kichwa kinauma». Sema muda: «Ni wiki tatu.» Sema usingizi: «Naamka saa tisa ya usiku, sirudi kulala.» Sema hamu: «Hata watoto hawanifurahishi tena.» Sema woga: «Roho inapiga mbio bila sababu.» Sema pombe na dawa unazokunywa bila kuficha. Kama kuna watu wengi, omba kusema naye peke yenu. Kama umepewa serumu na vitamini mara ya tatu bila nafuu, uliza: «Je, haiwezi kuwa depresio ao wasiwasi?»

Na kama ni ndugu yako, usimwambie «jikaze». Amekwisha kujikaza kuliko unavyojua. Keti naye, sikiliza bila kumkatiza, pika kitu kidogo, msindikize mpaka kituo, na rudi naye siku ya kuonana tena. Hiyo ya mwisho njo ngumu kuliko zote, na wengi wanapona sababu kulikuwa na mtu mmoja aliyekumbuka siku ya kurudi.